Maji Haya Yanazoleka: Wasia Unapopatikana Mahakama Ikiwa Imekwisha Kuanza

Msomaji mpenzi, methali ni silaha, na kama silaha yoyote huweza kushikwa na mlinzi au na mwizi. Mojawapo ya zile zinazoshikwa vibaya hapa Kampala ni hii: maji yakimwagika hayazoleki. Utaisikia kila familia inapogundua, miezi kadhaa baada ya mazishi, kwamba marehemu aliacha wasia. Karatasi imeonekana ndani ya sanduku la bati, chini ya godoro, katikati ya kurasa za Biblia au msahafu, au kwa wakili ambaye hakuna aliyekumbuka kumwuliza. Lakini wakati huo watoto wakubwa wamekwisha kwenda kwa Kabidhi Wasii Mkuu, tangazo limekwisha kutoka gazetini, na pengine hati ya usimamizi wa mirathi imekwisha kutiwa muhuri. Ndipo husimama mjomba au kaka mkubwa, akakohoa kidogo, akasema: "Wanangu, mambo yamekwisha. Mahakama imekwisha kusema. Maji yakimwagika hayazoleki. Hiyo karatasi irudisheni mlikoitoa."

Nasema mjomba huyo amekosea, na makala haya nimeyaandika ili kumpinga. Amekosea katika sheria. Amekosea katika uungwana. Na kwa kuwa mimi ni mwalimu wa lugha, nitaongeza kwamba amekosea hata katika maneno anayoyatumia. Tuanze na hilo la mwisho, maana ndilo mama wa makosa mengine.

Kiswahili kimetupa maneno manne ambayo mwanafunzi hana budi kuyatenga. La kwanza ni wasia, yaani maagizo ya mtu juu ya mali yake na watu wake baada ya kufa kwake. La pili ni wasii, mtu ambaye marehemu mwenyewe amemtaja ndani ya wasia ili ayatekeleze maagizo hayo. La tatu ni msimamizi wa mirathi, mtu ambaye mahakama humweka pale ambapo hakuna wasia, au wasia upo lakini hakuna wasii wa kuutekeleza. La nne ni mrithi, yule ambaye mwisho wa yote hupata kilicho chake. Angalia, basi: wasii na msimamizi hawapewi mali, hupewa kazi. Kusimamia si kumiliki. Mchungaji hupanga ng'ombe njiani, huwanywesha, huwahesabu jioni, lakini hakuna anayesema kuwa ng'ombe ni wake kwa sababu fimbo iko mkononi mwake.

Hapa Buganda mkanganyiko huo una sura yake maalumu. Wasia huitwa ekiraamo, na mara nyingi husomwa mbele ya watu wakati wa msiba. Siku ya okwabya olumbe, ibada ya kumaliza msiba, hutangazwa omusika, akavishwa gome la mti na kukalishwa katika nafasi ya marehemu. Ni desturi yenye heshima na maana kubwa: jina halifi, ukoo haukatiki. Lakini omusika akitafsiriwa kwa pupa kuwa "mrithi", watu husikia "mwenye mali yote". Sheria ya Uganda haisemi hivyo. Pale ambapo mtu amekufa bila wasia, mrithi huyo wa kimila, kwa cheo chake hicho, hupata asilimia 1 tu ya mirathi. Kwa mujibu wa marekebisho ya Sheria ya Mirathi ya mwaka 2022, watoto na wazao hupata asilimia 75, mume au mke aliyebaki hupata 20, na jamaa waliokuwa wakimtegemea marehemu hupata 4.

Nimeyataja mafungu hayo kwa sababu ndiyo yanayotufunulia uzito wa karatasi ile. Mafungu hayo ni ya mtu aliyekufa bila wasia. Wasia halali ukiwapo, maagizo ya marehemu ndiyo yanayotangulia. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba baba aliandika kuwa kibanja cha Nansana ni cha binti yake mdogo, kwa kuwa ndiye aliyeacha shule ili amwuguze. Wasia usipoonekana, kibanja hicho kitaingia katika chungu kimoja na mali nyingine, kitagawanywa au kitauzwa, na binti atapata kipande cha fedha na shukrani za maneno. Ukionekana na ukathibitishwa, ana paa juu ya kichwa chake. Sasa mwambie binti huyo kwamba maji yamemwagika.

Mjomba anasema mahakama imekwisha kusema. Imesema nini? Imejibu swali ililoulizwa. Waombaji walikwenda wakaapa kwamba marehemu hakuacha wasia. Mahakama, isiyo na macho ya kutazama chini ya godoro za watu, ikawaamini, ikatoa hati. Jibu hufuata swali. Swali likiwa na kasoro, jibu haliwezi kuwa kamili, na si aibu kwa mahakama kuulizwa upya. Aibu ni kwa yule ajuaye kwamba swali lilikuwa na kasoro, akanyamaza.

Wala usidhani kwamba waliotunga sheria hawakuliona jambo hili. Sheria yetu ya Mirathi ilianza kutumika mwaka 1906, wakati wa Waingereza, na ilichukuliwa kwa sehemu kubwa kutoka sheria ya India ya mwaka 1865. Ndani yake kuna kifungu, ambacho wanasheria walikizoea kwa miaka mingi kwa namba 234, kinachosema kuwa hati ya uthibitisho wa wasia au ya usimamizi wa mirathi inaweza kubatilishwa kwa sababu ya haki. Sababu hizo zimeorodheshwa: kwamba mwenendo wa shauri ulikuwa na kasoro ya msingi, kwamba hati ilipatikana kwa udanganyifu au kwa kuificha mahakama jambo muhimu, kwamba ilipatikana kwa kusema jambo lisilo kweli ambalo lilikuwa nguzo ya maombi, hata kama aliyelisema hakujua kuwa si kweli, kwamba hati imekuwa haina kazi tena kwa sababu ya mambo yaliyotokea, au kwamba msimamizi amekataa, bila sababu ya maana, kuleta orodha ya mali na hesabu zake.

Lisome tena lile la tatu: hata kama hakujua. Hapa ndipo hoja ya pili ya mjomba, hoja ya amani ya nyumba, inapoanguka. Husemwa kwamba kuirudisha habari mahakamani ni kumwita ndugu yako mwizi, na kwamba heri kibanja kipotee kuliko ukoo uvunjike. Lakini sheria haimlazimishi mtu kumtukana ndugu yake. Kaka aliyeapa kuwa hakuna wasia huku akiamini hivyo kwa moyo safi hakutenda uovu. Alikosea tu kama binadamu yeyote awezavyo kukosea. Anaweza kusimama mwenyewe mbele ya mahakama akasema, "Nilipoapa sikujua, sasa najua." Sielewi ni heshima gani kubwa kuliko hiyo ambayo kaka mkubwa anaweza kuwapa wadogo zake. Kinachomgeuza mtu mwema kuwa mkosaji si karatasi iliyoonekana. Ni kile anachokifanya baada ya kuiona. Kuficha wasia kwa nia ya kudanganya ni jinai. Kuuchoma ili mgawo usibadilike ni kuwaibia walio hai na kumziba mdomo aliyekufa.

Na amani inayojengwa juu ya karatasi iliyofichwa, msomaji wangu, ni amani ya aina gani? Ni ukimya tu, nao huvunjika. Mficha maradhi kifo humwumbua. Waliokuwapo karatasi ilipoonekana ni watatu au wanne. Siku moja mmoja wao atakosana na mwenziwe, na habari itatoka ikiwa imechelewa miaka kumi, nyumba zikiwa zimejengwa juu ya ardhi hiyo na mashahidi wakiwa wamekufa. Anayependa amani na atoe karatasi leo.

Hoja ya tatu ni ya watu makini zaidi, na ni lazima niiheshimu: je, karatasi ikiwa ya kughushi? Wasia unaochelewa kuonekana hunuka mashaka, na wakati mwingine mashaka hayo ni ya haki. Tajiri wa Marekani Howard Hughes alipofariki mwaka 1976, ilitokea hati iliyodaiwa kuwa wasia wake katika makao makuu ya kanisa la Mormoni mjini Salt Lake City, ikimgawia mtu mwenye kituo cha petroli sehemu ya utajiri ule. Mwaka 1978 jopo la raia huko Nevada liliamua kwamba wasia ule haukuandikwa na Hughes. Hapa kwetu pia kughushi wasia ni kosa ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Basi ndiyo, wapo waghushi.

Lakini angalia mashaka yale yalivyotatuliwa: kwa ushahidi, hadharani, mbele ya watu wasio na hisa katika mali. Hayakutatuliwa na mjomba sebuleni. Linganisha na habari ya mwimbaji Aretha Franklin, aliyefariki Detroit mwezi Agosti 2018. Ilidhaniwa hakuacha wasia, na mpwa wake akapewa kazi ya kusimamia mirathi. Mwaka 2019 zikapatikana nyumbani mwake hati alizoziandika kwa mkono: moja ya mwaka 2010, iliyokuwa katika kabati lililofungwa kwa ufunguo, na nyingine ya mwaka 2014, ndani ya daftari lililokuwa chini ya mto wa kochi. Wanawe hawakukubaliana ni ipi ifuatwe. Mwezi Julai 2023 jopo la raia liliamua kwamba ile ya kwenye kochi ndiyo wasia halali. Usimamizi ulikuwa umekwisha kuanza, miaka ilikuwa imepita, na bado maji yalizoleka. Karatasi mbili, zote zimechelewa, na mahakama mbili zikafika kwenye majibu mawili tofauti: moja ilikataliwa, nyingine ikakubaliwa. Shaka, kwa hiyo, ni sababu ya kuipeleka karatasi mahakamani. Haiwezi kuwa sababu ya kuificha.

Hata hivyo, usiibebe habari ya Aretha Franklin mzimamzima ukaileta Kampala. Daftari lile lilitosha Michigan kwa sababu sheria ya huko hukubali wasia ulioandikwa kwa mkono wa mwenyewe hata bila mashahidi. Kwetu, wasia wa kawaida haukamiliki mpaka mwenyewe ameutia sahihi au alama, na mashahidi wasiopungua wawili wameushuhudia. Mwandiko mzuri wa baba peke yake hautoshi, hata kama kila mtoto anautambua. Nimeliandika hili kwa sababu upande wa pili nao una makosa yake, na sitaki unisome kama wakili wa kila karatasi.

Wako watu ambao wakipata wasia huutikisa hewani kama upanga. Kesho yake wanabadilisha kufuli, wanamtoa mjane, wanakusanya kodi za wapangaji. Hawa wamekosea sawasawa na mjomba. Wasia uliopatikana haujawa amri; ni madai yanayongoja kuthibitishwa. Mpaka mahakama iibatilishe, hati iliyotolewa bado inasimama, na mtu anayejiingiza katika mali ya marehemu bila mamlaka anavunja sheria. Wala wasia hauwezi kufanya kila kitu. Nyumba ambayo marehemu aliishi na familia yake ina ulinzi wake katika sheria, na mume, mke, watoto na jamaa tegemezi walioachwa bila riziki ya kutosha wanaweza kuiomba mahakama iwakadirie sehemu inayofaa. Waislamu nao wanajua kwamba katika dini yao wasia hauvuki theluthi ya mali, na kwamba haumwongezei mrithi juu ya fungu lake ila kwa ridhaa ya warithi wenzake. Marehemu ana sauti, lakini si sauti pekee katika chumba.

Basi afanye nini mtu aliyeipata karatasi? Nitakuambia kwa mpango, maana raia asiyejua njia hupotezwa na kila mpita njia.

Kwanza, asiiharibu hali yake. Asiandike juu yake, asing'oe pini, asirekebishe hata tarehe iliyokosewa. Aandike pembeni, katika karatasi nyingine, ilipatikana siku gani, mahali gani, mbele ya nani, atoe nakala, na asili yake aiweke mahali salama.

Pili, awajulishe wanaohusika bila kuchelewa: wasii aliyetajwa, wale walioomba au waliopewa usimamizi, na ofisi ya Kabidhi Wasii Mkuu, ambayo ndiyo iliyotoa cheti cha kutokuwa na pingamizi kabla ya maombi kwenda mahakamani.

Tatu, atazame mlango gani bado uko wazi. Ikiwa hati haijatolewa, aweke pingamizi mahakamani. Maombi hayo hayataendelea kama yasiyobishaniwa, bali yatasikilizwa kama shauri. Ikiwa hati imekwisha kutolewa, aombe ibatilishwe, na pamoja na ombi hilo aombe zuio ili mali isihamishwe wakati shauri likisikilizwa. Na asiogope kuambiwa kwamba hana hati, hivyo hana haki ya kusema: Mahakama ya Juu ya Uganda, katika shauri la Israel Kabwa dhidi ya Martin Banoba Musiga, ilikubali kwamba mwenye haki katika mirathi anaweza kushtaki ili kuilinda mali hiyo hata kabla ya kupewa hati ya usimamizi.

Nne, awatafute mashahidi waliotia sahihi wakiwa hai. Wao ndio watakaosema kama waliona mkono wa marehemu ukiandika, na kama akili yake ilikuwa timamu siku hiyo.

Tano, kama wasia umeandikwa kwa Luganda, Runyankole au Kiswahili, utahitaji tafsiri ya Kiingereza ili mahakama iushughulikie. Hapa ninyi wanafunzi wangu mnaingia. Umeona tulivyosema juu ya omusika. Neno moja likitafsiriwa "mwenye mali" badala ya "mrithi wa kimila", ekari nzima huhama kutoka kwa binti kwenda kwa kaka yake bila mtu kughushi hata herufi moja. Anayedhani kujifunza lugha ni kukariri salamu, na aende akasome faili za mirathi.

Wasia ukishathibitishwa, wasii aliyetajwa hupewa uthibitisho wake. Na kama hakuna wasii, mahakama hutoa hati ya usimamizi iliyoambatanishwa na wasia. Njia ni hiyo hiyo pale ambapo wasia wa zamani ulikuwa umekwisha kuthibitishwa, kisha ukaonekana mwingine mpya zaidi. Kinachotafutwa ni neno la mwisho la marehemu. La kwanza kufika mahakamani halina haki ya kukaa pale kwa sababu tu liliwahi.

Neno moja kwa wasimamizi waliokwisha kupewa hati. Sheria inakutaka ulete orodha ya mali ndani ya miezi sita, na hesabu ndani ya mwaka mmoja. Ukisikia kwamba wasia umeonekana, simamisha mgawo, weka kalamu chini, toa hesabu ya ulichokwisha kukifanya. Hakuna atakayekulaumu kwa ulichokifanya kwa nia njema kabla ya kujua. Utalaumiwa kwa shamba ulilolikimbiza sokoni baada ya kujua.

Na hapa nakiri kwamba mjomba ana punje ya ukweli. Yako maji ambayo kweli huwa hayazoleki. Mnunuzi aliyenunua ardhi kwa nia njema, akalipa, akaandikishwa katika hati miliki bila kujua lolote, sheria huweza kumlinda, na binti yetu wa Nansana akabaki kumdai fedha msimamizi ambaye pengine amekwisha kuzila. Lakini tazama methali inavyomgeukia mwenyewe! Kama maji huweza kumwagika, hiyo ni sababu ya kukimbia kuishika ndoo. Kila wiki ambayo familia inakaa sebuleni ikirudia kwamba mambo yamekwisha ndiyo wiki ambayo mambo yanakwisha kweli.

Mwisho, niwageukie walio hai. Tunawalaumu watoto kwa kuficha nyasia, ilhali sisi wazazi ndio tulioanza kuzificha. Tunaogopa kwamba kuandika wasia ni kuita kifo. Tukiandika, tunaufungia kabatini na kufa na habari za ufunguo. Wasia ambao hakuna ajuaye ulipo ni barua isiyotumwa. Andika; tafuta mashahidi wawili wasiopata chochote ndani yake; uweke kwa wakili, benki au kwa mtu wa dini unayemwamini; kisha uwaambie watu wawili au watatu, si yaliyomo, bali mahali ulipo. Jambo hilo litakugharimu alasiri moja. Usipolifanya, wanao watalilipia kwa miaka.

Nawaachia kazi ya nyumbani. Waulizeni wazee wenu nyumbani, kwa adabu na kwa wakati unaofaa, maswali mawili tu: je, upo wasia, na je, uko wapi? Kisha andikeni aya moja kwa Kiswahili sanifu mkieleza tofauti ya wasii, msimamizi na mrithi. Na siku mjomba atakaposimama, akakohoa, akaanza kusema habari za maji yaliyomwagika, mwacheni amalize, maana ni mkubwa wenu. Kisha mwambieni kwa heshima: Shikamoo mjomba, ndoo bado imesimama.